Uhuru Usio wa Nusu: Jumuiya ya Waliokombolewa ya Freretown na Rabai

1. Utangulizi

Mkristo wa Kanoni aweza kujiuliza ana uhusiano gani na kijiji kidogo kilichokuwa ukingoni mwa Bahari ya Hindi, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Huku kwetu Karagwe hatuioni bahari. Maji makubwa tuyajuayo ni ya mto Kagera na ya maziwa yetu. Hata hivyo njia za misafara zilitufikia. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi ya Omukama Rumanika, na John Hanning Speke alipofika kwa mfalme huyo mwezi wa Novemba 1861 aliwakuta watu wa pwani wametangulia. Biashara hiyo iliyoleta nguo na shanga barani ndiyo iliyoteremsha pwani pembe za ndovu na wanadamu. Basi habari za watumwa waliokombolewa kule pwani si habari za ugenini kwetu.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi jumuiya ya Freretown na Rabai ilivyotokea, watu wake walikuwa akina nani, na ni jambo gani lililokamilika na lililopungua katika uhuru waliopewa. Tutaongozwa na sheria iliyomo katika Kumbukumbu la Torati 15:12-15. Hapo Waisraeli wanaagizwa kwamba, wamwachapo mtumwa huru, wasimwache aende mikono mitupu. Wampe kwa ukarimu katika kundi lao, katika uwanja wa kupuria nafaka, na katika shinikizo la zabibu; na sababu yake ni kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Kwa sheria hiyo, kuvunja pingu ni mwanzo tu wa ukombozi. Aliyefunguliwa ahitaji pia kitu cha kuanzia maisha, na aliyemfungua ahitaji kukumbuka.

Tutatazama mambo matatu ambayo kwayo uhuru wa watu hao waweza kupimwa: jina, ardhi na sauti. Mwishoni tutauliza mambo hayo yanatudai nini sisi tuliopewa kazi ya kuchunga sharika.

2. Rabai kabla ya Freretown

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Zanzibar na kisha Mombasa. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, na wote wawili wakafungua kituo Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Waliajiriwa na misioni ya Kianglikana ya CMS, lakini kwa kuzaliwa na kulelewa walikuwa Walutheri wa Württemberg, nao walipata mafunzo yao huko Basel. Ni vema wanafunzi wetu wakumbuke jambo hilo, kwa kuwa mara nyingi historia ya Walutheri katika Afrika ya Mashariki huanzwa na misioni zilizokuja baada ya ukoloni wa Wajerumani.

Kwa miaka mingi kazi ya Rabai ilikuwa ndogo sana. Mkristo wa kwanza aliyejulikana, Mringe, alikuwa kilema aliyebatizwa karibu na kufa kwake. Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki, akiandika kamusi zake, na macho yake yakazidi kufifia.

Wakati huo mambo mengine yalikuwa yakitendeka baharini. Manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa. Watu waliookolewa, wengi wao wakiwa watoto, hawakuweza kurudishwa makwao, kwa maana makwao palikuwa mwendo wa miezi barani na njia yenyewe ilikuwa ya wakamataji. Baadhi yao walipelekwa India. Huko, karibu na mji wa Nasik, CMS iliwafungulia makao mahali paitwapo Sharanpur, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono kama vile uhunzi na useremala. Ndipo mwaka 1864 wachache wao walipovuka tena bahari wakaja Rabai kumsaidia Rebmann. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David. Watu wa pwani ya Kenya na wanahistoria wamewaita Waafrika wa Bombay.

Yafaa tutafakari kidogo hapo. Mtoto wa Kiafrika alikamatwa barani, akauzwa, akapakiwa jahazini, akakamatwa tena na manowari, akapelekwa India, akabatizwa huko, kisha akarudi Afrika akiwa mhubiri katika lugha isiyokuwa ya mama yake. Kabla Kanisa la pwani halijawa na wachungaji wenyeji wa nchi, lilikuwa na watu wa namna hiyo. Jacob Wainwright, Myao aliyelelewa Nasik, ndiye aliyesoma ibada ya maziko ya David Livingstone kwa Chitambo mwaka 1873, akachonga maandishi juu ya mti, na mwaka uliofuata akausindikiza mwili hadi Westminster Abbey mjini London.

3. Kuanzishwa kwa Freretown

Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwa Sultani Barghash wa Zanzibar. Mkataba ukatiwa sahihi tarehe 5 Juni mwaka huo. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Hata hivyo mkataba haukuondoa utumwa wenyewe. Mtu aliyekuwa mtumwa nyumbani mwa bwana wake aliendelea kuwa mtumwa. Sheria iliyoondoa hali ya utumwa ilitolewa Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na katika Tanganyika mwaka 1922.

Kwa kuwa waliookolewa baharini walitarajiwa kuongezeka, CMS ilimtuma W. Salter Price, aliyekuwa ameyasimamia makao ya Nasik, aje kutafuta mahali pa kuwaweka. Mwaka 1875 alinunua ardhi huko Kisauni, bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, akaanzisha kijiji kilichopewa jina la Freretown kwa heshima ya Frere. Kabla ya mwaka huo kwisha waliookolewa walianza kuletwa. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo wa makabila mengi. Katika mazungumzo ya kituo waliitwa mateka. Walipewa viwanja vya kujenga na vishamba vya kulima, watoto wakatiwa shule, na kanisa likajengwa.

Kengele ilitundikwa pia, kwa ajili ya kuwaita watu na kuwaonya hatari ilipokaribia kutoka baharini. Mnara wake ungali unasimama kandokando ya barabara yenye magari mengi, na watu wa Mombasa hupaita mahali hapo Kengeleni. Wengi wapitao hapo kila siku hawajui kengele hiyo ililia kwa ajili ya nani.

4. Watoro

Mpaka hapa tumesema juu ya watu waliookolewa na wengine. Lakini kulikuwa na kundi la pili, nalo limesahauliwa zaidi, yaani watoro. Hao walijikomboa kwa miguu yao. Walitoroka mashambani kwa mabwana wao katika nchi ya Mombasa na Malindi, wakakimbilia misituni au Rabai.

Kwa misioni jambo hilo lilikuwa gumu. Kumpokea mtoro kulikuwa kinyume cha sheria ya nchi, na kulihatarisha amani na wenye watumwa. Kumrudisha kulikuwa kinyume cha Injili. Wamisionari walisitasita, wengine walikataa kuwapokea watoro, wengine walinyamaza. Kwa kweli waliofungua mlango mara nyingi ni Wakristo Waafrika wenyewe. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo wachache waliwakaribisha watoro wakawa kijiji kizima chenye sala zake, bila ya mmisionari kukaa nao. Mkuu wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Hakuwa na cheo cha kanisa kama tukijuavyo leo, lakini alilichunga kundi lake mpaka kufa.

Watoro walipozidi kuwa wengi Rabai, wenye watumwa walidai haki yao na vita vilikaribia. Ndipo George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, alipopatana na mabwana hao. Alilipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru hapo Rabai. Hatuna budi kuifurahia siku ile. Lakini tuone pia aliyelipwa ni nani. Fedha zilikwenda kwa mabwana waliokuwa wamefaidi jasho la watu hao miaka mingi. Aliyetoa jasho alipewa karatasi. Tukiisoma Kumbukumbu la Torati 15 kando ya tendo hilo, twaona pengo lililobaki.

5. Jina

Sasa tuyatazame yale mambo matatu, tukianza na jina. Majina ya William Jones, Ishmael Semler na George David hayaonyeshi kabila, ukoo wala mto wa nyumbani kwao. Ni majina waliyopewa katika ubatizo na katika makao ya kulelea watoto. Tusiwahukumu upesi waliowapa. Mtoto aliyeokolewa melini huenda alikuwa mdogo mno hata kulijua jina la baba yake, na Kanisa lilitaka kumpa mwanzo mpya. Zaidi ya hayo, jina la mtumwa mara nyingi lilikuwa limeshabadilishwa na mwuzaji, likawa jina la dhihaka au la siku ya juma.

Ili tuelewe zaidi, tulinganishe na jamii nyingine ya pwani, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Katika visiwa na pwani za South Carolina na Georgia, Marekani, wanakaa watu waitwao Gullah au Geechee. Babu zao walipelekwa huko utumwani kutoka Afrika ya Magharibi na nchi za Kongo na Angola, wakalimishwa mpunga na pamba. Mwezi wa Novemba 1861, mwezi uleule Speke alipofika kwa Rumanika, majeshi ya Kaskazini yaliuteka mwingilio wa Port Royal. Mabwana walikimbia, na watumwa wapatao 10,000 wakabaki visiwani bila bwana. Mwaka uliofuata walimu kutoka Kaskazini waliwafungulia shule ya Penn katika kisiwa cha St. Helena, na masomo yakafanyika hata kanisani. Kwa hiyo mambo ya St. Helena na ya Rabai ni ya wakati mmoja, na yanafanana kwa mengi: kisiwa au pwani, shule, kanisa, walimu waliotoka mbali, na watu wa makabila mengi waliolazimika kuwa jamii moja.

Lakini katika jambo la majina ipo tofauti. Wagullah walikuwa na desturi ya majina mawili. La kwanza lilikuwa la shuleni na la serikali, kwa Kiingereza. La pili waliliita jina la kikapu, nalo ni jina la nyumbani apewalo mtoto mchanga na watu wake. Msomi Mwamerika Mweusi, Lorenzo Dow Turner, aliwasikiliza kwa miaka mingi, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1949 alionyesha maelfu ya maneno yao yenye asili ya Afrika, sehemu kubwa yakiwa majina ya watu. Kabla ya hapo wasomi wengi walikuwa wakisema kwamba lugha ya Wagullah ni Kiingereza kilichoharibika tu. Mwaka 2005 Agano Jipya lote likachapishwa katika lugha hiyo.

Freretown haikupata nafasi kama hiyo. Watu wake hawakuwa wamezaliwa pamoja, walikusanywa. Lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili, na pamoja nacho Kiingereza. Wenye kutoka Bombay walijiona kuwa wastaarabu zaidi kuliko mateka, na mateka wakajitenga na watoro. Majirani wakawahesabu wote kuwa watu wa misioni. Katika nchi ambayo baadaye serikali ya kikoloni iliwagawa watu na ardhi kwa makabila, mtu aliyeulizwa kabila lake akajibu kwamba ni wa misioni alikuwa amejibu kweli, lakini hakuwa amesema kitu ambacho karani angeweza kukiandika.

Hapo ndipo ubatizo unapotuuliza swali. Isaya 43:1 yasema kwamba Mungu amkomboaye mtu humwita kwa jina lake. Jina la ubatizo halikukusudiwa kufuta kumbukumbu ya mtu. Lakusudiwa kumpeleka mtu mzima kwa Kristo, pamoja na mama yake, lugha yake na huzuni yake.

6. Ardhi

Jambo la pili ni ardhi. Freretown ilinunuliwa na misioni, nayo ikabaki mali ya misioni. Aliyekaa humo alilima kwa ruhusa, chini ya sheria za kituo. Alipokosana na wakuu angeweza kuondolewa, na akiondolewa hakuwa na kwa mjomba pa kwenda. Sisi tunaoishi kati ya migomba iliyopandwa na babu zetu hatuwezi kuuona upesi uzito wa jambo hilo. Kwetu shamba ndilo kaburi la wazee na urithi wa watoto. Asiye na shamba la ukoo huwa mgeni hata akizaliwa hapahapa.

Wagullah tena watatusaidia kuona. Wakati wa vita na baada yake, mashamba ya mabwana waliokimbia yalipouzwa kwa sababu ya kodi, wengi wa waliokuwa watumwa katika St. Helena walinunua vipande vidogo kwa fedha zao. Mwezi wa Januari 1865 Jemadari Sherman alitoa amri ya kuwagawia watu waliowekwa huru ardhi ya pwani ile. Lakini kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson aliitangua, na mashamba mengi yakarudishwa kwa mabwana wa zamani. Basi waliopewa kwa amri walinyang'anywa kwa amri, na waliokuwa na hati ya kununua walibaki. Ni katika ardhi hiyo iliyobaki ndimo lugha, nyimbo na nyumba zao ndogo za sala zilimohifadhiwa. Tena ardhi ilipoanza kupotea, jamii nayo ilitikisika. Katika kisiwa cha Hilton Head daraja lilijengwa mwaka 1956, hoteli na viwanja vya gofu vikafuata, na familia nyingi ambazo mashamba yao hayakuwa na wosia wala hati ya mrithi mmoja ziliyapoteza.

Freretown nayo imezungukwa na jiji. Palipokuwa na vishamba vya muhogo pana maduka, magorofa na vituo vya magari. Kizazi cha waliokombolewa wameenea Mombasa, Nairobi na kwingineko, na kinachobaki kuwaunganisha ni kanisa, makaburi na mnara wa kengele. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliotangulia. Twasema kwamba uhuru wao uliegemea wema wa taasisi, na wema wa taasisi hubadilika wakuu wakibadilika.

7. Sauti

Jambo la tatu ni sauti, yaani haki ya kusema na kusikilizwa ndani ya Kanisa. Katika miaka ya kwanza nidhamu ya Freretown ilikuwa ya viboko na kifungo, hata mwaka 1881 ikabidi uchunguzi ufanyike. Watu waliokuwa wameponyoka fimbo ya bwana waliikuta tena mikononi mwa msimamizi aliyewahubiria uhuru. Ni jambo la kusikitisha, nalo lapaswa kufundishwa katika vyuo vyetu pamoja na mambo mema, kwa sababu kila mchungaji hushika mamlaka juu ya watu wasioweza kumjibu.

Hata hivyo sauti ilitokea. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler wakawa mashemasi. Miezi michache baadaye Jones alisafiri na askofu huyo kuelekea Buganda. Hannington alitangulia na wapagazi wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885 pamoja na wengi wao. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na msafara mkubwa, alingoja habari, kisha akawaongoza waliosalia kurudi pwani. Waliingia Rabai mwezi wa Februari 1886 wakibeba bendera yenye neno Ikabodi, lile la 1 Samweli 4:21, kwa maana utukufu ulikuwa umeondoka. Mtu aliyeuzwa utotoni ndiye aliyewarudisha nyumbani watu wa askofu.

Msomaji wa Kagera na azingatie njia hiyo. Hannington alikuwa akiwaendea Wakristo wa Buganda. Baadaye ni kutoka Buganda Wahaya wa kwanza walikojifunza kusoma Injili, wakairudisha makwao kabla misioni ya Betheli haijafika Bukoba mwaka 1910. Betheli yenyewe haikuwa mbali na habari hizi: huko Lutindi, katika milima ya Usambara, yalifunguliwa mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ambayo wahudumu wa Betheli waliyatunza, na ambayo baadaye yaligeuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili iliyopo hadi leo. Kanisa letu basi ni jirani wa hao watu kwa njia zaidi ya moja.

Huko Freretown shule ya kuwaandaa wachungaji ilianzishwa mwaka 1903. Mwaka 1930 ilihamishiwa Limuru, nayo ndiyo mwanzo wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo cha leo. Mwaka 1934 James Mbotela, wa kizazi cha waliokombolewa, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa, ambacho kimesomwa mashuleni na vizazi vingi. Baadaye wako waliokilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini tusisahau kwamba mwandishi alikuwa akiandika habari za wazee wake mwenyewe, kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi waliona haya kutaja kwamba wametoka utumwani.

Na wa ukoo huo wa Mbotela alikuwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kwa zaidi ya miaka 50 aliwauliza Wakenya redioni swali moja juu ya mwenendo wao: je, huu ni uungwana? Neno hilo lina historia. Katika Kiswahili cha zamani mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Uungwana ukahesabiwa kuwa tabia njema ya waliozaliwa huru peke yao. Kwa hiyo ni jambo kubwa kwamba mtoto wa waliokombolewa ndiye aliyekuwa akilipima taifa zima kwa neno ambalo zamani lingemfungia nje.

8. Mafundisho kwa sharika zetu

Martin Luther katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, cha mwaka 1520, alifundisha mambo mawili pamoja: kwamba kwa imani Mkristo yu huru asitawaliwe na yeyote, na kwamba kwa upendo yeye ni mtumishi wa wote. Tukilishika la kwanza na kuliacha la pili, twamhubiria mtu uhuru wa roho huku tukimwacha mikono mitupu. Hilo ndilo kosa lililokaribia kutendeka katika Rabai na Freretown, nasi hatuko mbali nalo.

Wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa ziko mpakani. Mwaka 1994 tuliwapokea wakimbizi wa Rwanda kwa maelfu. Mwaka 2013 watu wengi waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu waliondolewa mkoani Kagera, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa miaka mingi, waliooa na kuolewa hapa, na walioimba katika kwaya zetu. Si kazi ya makala hii kuamua mambo ya sheria za nchi. Lakini ni kazi ya mchungaji kujua ni nani aliyekaa benchi la nyuma asiyekuwa na wa kumsemea.

Twapendekeza mambo matatu yawezekanayo hata katika mtaa mdogo. Kwanza, katika kuandika kitabu cha ubatizo, tuandike kwa uangalifu jina la nyumbani, jina la mama na mahali pa kuzaliwa, hasa kwa watoto wa wageni na yatima. Siku moja ukurasa huo waweza kuwa ushahidi pekee walio nao. Pili, usharika ukimsaidia mtu kwa kiwanja au shamba, uandike mapatano mbele ya mashahidi, ili msaada usitegemee moyo wa mchungaji aliyepo tu. Na familia zetu zifundishwe kuandika wosia, kwa maana tumeona kule Hilton Head jinsi shamba lisilo na hati linavyopotea. Tatu, katika kuchagua wazee wa kanisa tujiulize kama wote waliochaguliwa ni wa koo zilezile. Waefeso 2:19 yasema kwamba walio katika Kristo si wageni tena wala wapitaji. Neno hilo lapaswa kuonekana katika baraza la wazee kabla ya kuonekana mimbarani.

Twakumbuka pia kwamba mababu zetu waliishi kando ya njia ya misafara. Baadhi yao waliuzwa, baadhi waliona wengine wakipita na kamba shingoni, na huenda baadhi walinufaika. Kumbukumbu la Torati halisemi na wasio na hatia. Linasema na watu wanaojua walikotoka. Tukiwa watu wa namna hiyo, tutamwuliza mgeni jina lake, tutamwonyesha mahali pa kulima, na atakaposema tutanyamaza tumsikilize.